Kabla Hujabonyeza Kitufe: Maneno kwa Wapenzi wa Magari ya Rimoti

Ndugu zangu, wazee wa mchezo na vijana mlioanza juzi, hamjambo. Nashukuru kupewa nafasi hii. Najua wengi mngependa tuzungumzie mota, matairi na springi, na siku yake itafika. Leo naomba tuongee habari ya chaja na betri ya lipo, yaani lithiamu-polima. Gari likiharibika uwanjani tunapoteza mbio moja. Betri ikiharibika mezani tunaweza kupoteza nyumba.

Naanza na swali, na tujibu kwa ukweli. Nani kati yetu hajawahi kuweka betri kwenye chaji akatoka chumbani? Ainue mkono. Naona mikono mitatu. Na wangu uko chini.

Tuna msemo wetu kwamba ajali haina kinga. Tunautumia kufarijiana, na mahali pengi ni kweli tupu. Ila kwa moto wa betri ya lipo nimefika mahali pa kuukataa. Kila moto wa aina hii niliosimuliwa mwanzo hadi mwisho, ukiufuatilia nyuma unakuta mtu aliyebonyeza kitufe bila kusoma, au betri iliyotoa dalili siku kadhaa kabla na mwenyewe akaiona. Kinga ipo. Imo katika zile dakika mbili tatu kabla chaja haijaanza kazi, na hizo ndizo nimekuja kuzisemea.

Nitawasimulia la kwangu. Nyumbani tulikuwa na magari mawili. Moja la mpwa wangu, mwenye miaka tisa wakati huo, linatumia betri ya NiMH, aina ya betri ya nikeli. Jingine langu, linatumia lipo ya seli mbili, ujazo wake mAh 5000 (miliampea-saa). Asubuhi nilichaji ya mtoto. Mchana nikatoka kuendesha, nikarudi na betri yangu ikiwa kama nusu, nikaichomeka kwenye waya uleule, plagi ileile, nikakibana kitufe mpaka chaja ikalia, nikaenda kukaza bampa lililolegea. Chaja ilikuwa imekumbuka kazi yake ya mwisho: NiMH, ampea 5. Haikulalamika, kwa sababu katika hali hiyo haidai ule waya mdogo wa balansi, unaoionyesha chaja kila seli peke yake. Mimi ukimya wake nikauona ridhaa.

Ikapita karibu saa nzima. Aliyekuja kuniita ni mpwa wangu. “Mjomba, betri inanukia.” Alisema inanukia, hakusema inanuka, na alikuwa sahihi kabisa. Elektroliti ikianza kutoka, harufu yake ni tamu tamu, kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nilipoingia, gamba la plastiki lilikuwa limeachana kwenye maungio, ufa mwembamba kutoka pembe hadi pembe, na stika imevutika mpaka maandishi yamepinda. Skrini inasoma volti 9.6. Betri ile mwisho wake ni 8.4. Nikachomoa plagi ya ukutani, nikamsukuma mtoto mlangoni, na kabla sijageuka ikaanza kufoka kama birika, moshi mweupe, halafu moto. Meza ya mbao ilitoboka. Chaja iliyeyuka. Hakuna aliyeumia.

Lakini mtoto alikuwa ameketi peke yake mbele ya meza ile, anatazama namba zinavyopanda, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba namba zikipanda ni dalili njema. Hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo, kuliko meza na kuliko chaja.

Kosa lilikuwa langu. Hata hivyo inafaa tuelewe kwa nini ni kosa jepesi hivi kulifanya. Mchezo wetu ulikulia kwenye betri za nikeli, kwanza NiCd, baadaye NiMH. Pakiti ya kawaida ilikuwa seli sita, volti 7.2. Lipo ilipoingia, watengenezaji waliifunga ndani ya gamba gumu lenye umbo la pakiti ileile ya zamani, urefu kama milimita 139 kwa upana wa 47, ili iingie kwenye magari yaliyokwisha kutengenezwa. Seli mbili za lipo ni volti 7.4. Umbo moja, plagi moja, volti karibu sawa. Ukizitazama haraka ni ndugu, kumbe ndani ni viumbe viwili visivyohusiana.

Na pamoja na umbo tukarithi mazoea. Wazee mnakumbuka: betri ya nikeli tuliifyonza mpaka tone la mwisho kwa balbu ndipo tuichaji, na tuliichaji mpaka ipate joto mkononi ndipo tujue imeshiba. Mazoea hayo yalikuwa na maana yake kwa betri ile. Kwa lipo, kuifyonza mpaka mwisho ni kuiua, na ikipata joto ikiwa kwenye chaji jambo limeharibika. Ninyi mliotufundisha mchezo huu, nawaheshimu sana, na ndiyo maana naomba mlisikie hili kutoka kwa mtu anayewapenda: mkono wako una uzoefu wa betri nyingine.

Tuingie ndani ya seli, si kwa undani wa maabara, ila kiasi cha kujua kwa nini inawaka. Seli moja ya lipo ni karatasi mbili nyembamba za metali zilizokunjwa au kupangwa pamoja. Moja ya shaba, imepakwa grafaiti. Nyingine ya alumini, imepakwa oksidi yenye lithiamu. Kati yao kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, umeloweshwa elektroliti, na elektroliti hii ni kimiminika kinachoshika moto. Vyote vimefungwa ndani ya mfuko laini wa rangi ya fedha. Ukichaji, ioni za lithiamu hutoka kwenye oksidi, hupenya utando, huenda kukaa ndani ya grafaiti. Ukiendesha gari, hurudi zilikotoka.

Grafaiti ikijaa, lithiamu inayozidi kuja haina pa kukaa. Huanza kuganda juu yake kama metali tupu. Upande wa pili, ile oksidi iliyonyang'anywa lithiamu kupita kiasi hulegea na kuanza kuachia oksijeni. Elektroliti huchemka na kuvunjika kuwa gesi, na hapo ndipo betri inapovimba. Joto likifika kama nyuzi 130 utando huanza kuyeyuka, karatasi mbili zikagusana, na umeme wote uliomo unataka kutoka kwa mpigo mmoja. Sasa una kitu chenye mafuta yake, joto lake na oksijeni yake ndani ya mfuko mmoja. Ukikifunika blanketi, kinaendelea kuwaka.

Nguvu iliyomo si ndogo. Volti 7.4 mara ampea-saa 5 ni wati-saa 37. Hiyo inatosha kuchemsha chini kidogo ya nusu lita ya maji ya kawaida mpaka yatokote. Hapo nimehesabu umeme peke yake. Elektroliti ikiwaka inaongeza joto lake juu ya hilo.

Basi chaja ya lipo hufanya nini ili tusifike huko? Kwanza husukuma mkondo usiobadilika, tuseme ampea 5, na volti ya kila seli ikawa inapanda taratibu. Ikifika volti 4.20 kwa seli, chaja huishikilia volti hapo isipande hata kidogo, na mkondo ndio unaanza kupungua wenyewe: nne, mbili, moja, nusu ampea. Ukipungua vya kutosha, chaja inazima. Ndiyo maana dakika za mwisho huonekana ndefu, namba ya asilimia imeganda na wewe una haraka. Chaja haijakwama. Inamalizia pole pole sehemu ambayo ikiharakishwa inaumiza seli.

Chaja iliyowekwa kwenye NiMH haifanyi hivyo. Inasukuma mkondo na kusubiri alama moja tu: volti ifike kileleni kisha ishuke kidogo sana, milivolti chache, jambo ambalo betri ya nikeli hulifanya ikishajaa. Lipo haina kushuka huko. Chaja inasubiri alama isiyokuja, na inapoisubiri inaendelea kusukuma. Ile 9.6 niliyoikuta ilikuwa volti 4.8 kwa kila seli.

Sasa niwaonyeshe ninavyofanya mimi siku hizi, na naomba wa nyuma wasogee kidogo.

Nachukua betri mkononi kabla sijagusa waya wowote. Naikagua kwa kidole. Napitisha ukucha kwenye maungio ya gamba pande zote nne. Gamba zima huwa halina pa kushika ukucha. Nikihisi mdomo, hata wa unene wa karatasi, betri haichajiwi. Gamba gumu ni zuri kwa kuzuia mawe na kugongwa, lakini lina ubaya wake: linaficha uvimbe. Seli ndani zinaweza kuwa zimeanza kutuna wiki nzima na wewe unaona plastiki nyeusi tu inang'aa. Kwa hiyo baada ya ukucha naiweka juu ya kioo au kigae na kuibonyeza pembe. Ikicheza, tumbo limetoka. Je, inaingia kwenye gari kwa shida kuliko mwezi uliopita? Hiyo nayo ni dalili, na wengi wetu tunaipatia dawa kwa kuisukuma kwa nguvu zaidi. Tuache.

Halafu joto. Betri imetoka kwenye gari, imetoka mbioni, ina moto. Sihesabu dakika, nasubiri mpaka nikiishika isiwe na joto kuliko hewa ya chumbani. Na kinyume chake, betri iliyolala mahali pa baridi kali naiacha ndani kwanza. Kuchaji lipo chini ya nyuzi sifuri kunaigandisha lithiamu juu ya grafaiti, ileile metali tuliyoisema, na madhara yake hayaonekani siku hiyo.

Halafu nasoma stika. Kwa sauti, ndiyo. Nasema: lipo, seli mbili, elfu tano. Mtaniona kama mtu anayezungumza na betri, lakini mdomo unalazimisha jicho lisome. Tangu nianze tabia hii nimejikamata mara mbili nikitaka kuchaji kitu kingine na ninachodhani.

Kwenye stika kuna namba nyingi na moja inadanganya wageni. Utaona imeandikwa 50C, au 100C, kwa herufi kubwa za rangi. Hiyo ni kasi ya kutoa umeme, yaani kinachokwenda kwenye mota, na mara nyingi watengenezaji huikuza kuliko hali halisi. Haihusu kuchaji hata kidogo. Kasi ya kuchaji, ikiwa imeandikwa, iko nyuma kwa herufi ndogo. Isipoandikwa, ichukulie ni 1C. Maana yake ni nyepesi: gawanya mAh kwa elfu, upate ampea. Betri ya 5000 ni ampea 5. Ya 2200 ni ampea 2.2. Ya 1500 ni ampea 1.5. Nimewahi kumwona kijana mwerevu kabisa, fundi mzuri wa magari haya, akiweka ampea 20 kwenye betri ya 4000 kwa sababu stika ilisema 60C. Alikuwa amesoma, ila kasoma namba ya kitu kingine.

Zipo betri zinazoruhusu 2C, hata 5C, na uwanjani kati ya mbio na mbio najua kishawishi kilivyo. Msimamo wangu ni huu: mtengenezaji akiruhusu, unaweza, lakini mimi hubaki 1C. Betri inachukua kama saa moja na dakika chache, nami huja na betri ya pili. Joto linalookolewa ni umri wa betri, na pia ni nafasi ya mimi kuona jambo likianza kuharibika kabla halijafika mbali.

Tukirudi kwenye chaja. Skrini ina mambo mawili ambayo lazima yalingane na stika: aina ya betri na idadi ya seli. Aina kwanza: LiPo, si NiMH, si LiFe ambayo ni aina nyingine ya lithiamu, na si LiHV. Hii ya mwisho nitaitaja kwa upekee kwa sababu imeongezeka. LiHV ni lipo iliyotengenezwa ijazwe mpaka volti 4.35 kwa seli. Ukichaji lipo ya kawaida kwa mpango huo, betri ya seli mbili itapelekwa 8.7 badala ya 8.4. Haitalipuka mbele yako pengine, lakini umeanza kuiua, na itakuja kukulipa siku usiyoitarajia.

Idadi ya seli: seli mbili, 8.4 zikijaa. Tatu, 12.6. Nne, 16.8. Ukiiambia chaja seli tatu na betri ni ya mbili, unaiagiza iipeleke mpaka 12.6, yaani 6.3 kwa kila seli. Chaja nyingi za sasa hukataa, kwa sababu ya rafiki yetu mkubwa, na rafiki huyo ni waya wa balansi.

Huu hapa. Plagi ndogo nyeupe. Hesabu nyaya zake: seli mbili zina nyaya tatu, seli tatu zina nyaya nne, daima moja zaidi ya seli. Kwa nyaya hizi chaja inaona kila seli peke yake. Bila hizo inaona jumla tu, na jumla inaficha mengi. Chukua betri ya seli mbili inayosoma 8.40 barabara. Inaweza kuwa 4.20 na 4.20. Inaweza pia kuwa 4.40 na 4.00, seli moja imeshavuka mpaka na nyingine inaiombea msamaha. Kwenye jumla huoni tofauti. Ndiyo maana sichaji lipo bila balansi, hata kwa dakika kumi, hata kama plagi imekatika na nina haraka. Plagi ikikatika, betri inasubiri itengenezwe na anayejua. Na anayejua hukata na kuunga waya mmoja mmoja, kamwe si zote kwa mkato mmoja wa mkasi, maana mkasi ni chuma na utapiga shoti papo hapo.

Nikishaunganisha, sibonyezi bado. Naangalia volti za seli kwanza. Zikitofautiana kwa 0.02 au 0.03, sawa, chaja itazisawazisha. Zikifika 0.1 baada ya matumizi ya kawaida, naanza kuitilia shaka seli ile dhaifu. Chaja yako ikiwa na uwezo wa kupima ukinzani wa ndani, andika namba hiyo mahali kila mwezi. Seli nzima ya ukubwa huu husoma miliomu chache tu. Namba ya seli moja ikikimbia ikawaacha wenzake, hiyo ndiyo itakayovimba.

Mpangilio wa kuchomeka nao una maana, hasa kwa wanaotumia plagi za milimita 4 zenye umbo la risasi ya bunduki. Waya uende kwenye chaja kwanza, kisha kwenye betri. Kutoa ni kinyume: betri kwanza. Ukianza na betri, una ncha mbili tupu zenye umeme zinazoning'inia mezani, na zikigusana utaona cheche ambazo hutazisahau.

Ndipo nabonyeza. Na nikibonyeza nabaki. Dakika mbili za mwanzo natazama kama chaja imeitambua betri kama nilivyoisema mimi. Baada ya hapo niko chumba hichohicho, nafuta gari, nasafisha bearingi, natazama na kugusa kila baada ya muda. Ninaweka pia kikomo cha ujazo kwenye chaja: kwa betri ya 5000, ikishaingiza 5000 izime iwe isiwe. Siku ile yangu kikomo hicho kilikuwa kimezimwa. Na hata kingekuwa kimewashwa pale 5000, kisingetosha, maana betri ilianza ikiwa nusu. Kikomo ni msaidizi. Mlinzi ni mtu aliye macho, ndiyo maana sichaji usiku nikiwa nimelala, na sitamshauri yeyote afanye hivyo kwa chaja ya bei yoyote ile.

Mahali pa kuchajia nitasema kwa ufupi. Juu ya kigae, zege au tofali, mbali na pazia, karatasi, makopo ya rangi na petroli. Mifuko ya kuchajia lipo inasaidia kuzuia cheche na kukupa muda, lakini haizuii moshi, na ile myembamba hutoboka. Wanaotumia masanduku ya chuma, toeni ule mpira wa kuziba mfuniko. Gesi isipopata pa kutokea, umetengeneza bomu. Kamwe betri isichajiwe ikiwa ndani ya gari lake. Na jambo moja ambalo watu hawalifikirii: usichajie kwenye korido au karibu na mlango pekee wa kutokea. Nimeingia nyumba nyingi za wenzetu, na mara nyingi kituo cha kuchajia kiko palepale mlangoni, kwa sababu ndipo soketi ilipo.

Kuna tatizo linaloanzia uwanjani na kumalizikia kwenye chaja. Lipo haitakiwi kushuka chini ya volti 3.0 kwa seli, na mimi gari langu nimelipangia likate 3.3. Kidhibiti mwendo kina mpangilio wa kukata umeme, lakini wengi wanakisahau kwenye hali ya NiMH, ambako kukata kumezimwa. Gari linakwenda, linakwenda, mpaka linatambaa, na mwenyewe anafurahi kwamba betri yake inadumu. Seli ikishuka mno, shaba ya ile karatasi huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti. Ukija kuichaji, shaba hiyo huganda mahali pasipo pake na inaweza kutoboa utando.

Hapa ndipo nakuja kwenye ujanja ambao naomba leo tuuzike. Betri ikishuka mno, chaja inakataa: volti ndogo mno. Mtu anamwambia mwenzake, “Iweke kwenye NiMH dakika tano iamke, halafu irudishe lipo.” Nimeusikia ushauri huu zaidi ya ushauri mwingine wowote, na huwa unatolewa kwa wema. Mara nyingi betri inaamka kweli, na kuamka huko ndiko kunakofanya ushauri uendelee kupita mdomo kwa mdomo. Lakini chaja ilipokataa ilikuwa inakwambia kitu. Kuizunguka kwa mlango wa nyuma ni kuchaji seli yenye shaba iliyohama, katika mpango usiojua 4.20, bila balansi. Betri iliyokufa ni hasara, nakubali, na inauma kwa aliyeinunua kwa shida. Isichajiwe tena.

Wanaochaji betri kadhaa kwa pamoja kwenye ubao mmoja, kwa sambamba: hakikisheni zina idadi sawa ya seli na volti zake zimekaribiana kabla ya kuziunganisha. Betri iliyojaa, 8.4, ukiiunganisha na ya 7.4, tofauti ni volti 1. Pakiti mbili zenye ukinzani wa miliomu 10 kila moja zitapeana ampea 50 hapohapo, kabla hata hujawasha chaja. Kwa anayeanza, nasema achaji moja moja.

Ukimaliza msimu au hutaendesha kwa siku kadhaa, usiache betri imejaa. Chaja ina mpango wa kuhifadhi. Huileta kila seli kwenye 3.80 hadi 3.85. Betri iliyojaa ikikaa wiki nyingi kwenye joto inachakaa na kuvimba bila kutumika. Mimi huamua jioni ileile ninayorudi, maana nikisema kesho huwa ni mwezi ujao.

Na ikitokea. Ukisikia harufu ile, au ukiona betri inakua machoni pako, kata umeme wa ukutani kama unaufikia bila kuiegemea betri. Usiibebe. Tunajua watu hukimbia nayo nje kwa ushujaa, na mikono yao ndiyo inayoungua. Toa watu, funga mlango, ita zimamoto. Moshi wake si moshi wa kuni. Una floridi ya hidrojeni, gesi inayounguza mapafu, kwa hiyo usisimame kuutazama. Mchanga unazuia moto usisambae. Maji mengi, umeme ukishakatwa, yanapoza seli za jirani zisiingie kwenye mkumbo. Na hata ikizimika, iache nje mahali pa wazi kwa saa nyingi, kwa maana inaweza kuwaka tena. Betri iliyogongwa vibaya uwanjani itendewe vivyo hivyo: nje, peke yake, itazamwe kwanza, isirudi mfukoni pamoja na nyingine.

Mpwa wangu sasa ni kijana. Anaendesha vizuri kuliko mimi, na siku hizi ndiye anayenikagua mimi. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeshachomeka, kidole kiko juu ya kitufe, akaniuliza kutoka upande wa pili wa chumba: “Mjomba, umesoma?” Nilikuwa nimesoma. Nikasoma tena.

Hapa mezani nimeweka betri nne. Moja ni mpya. Moja ina ukinzani uliopanda kwenye seli moja. Moja imeanza kutuna, na nimeshaifyonza umeme wake wote kwa balbu kwa ajili ya kuitupa, ncha zimefungwa tepu, kwa hiyo hatari yake imepungua sana. Ya nne sitawaambia. Gamba zote ni nyeusi na zote zinang'aa. Pale pembeni kuna multimita, chaja na kipande cha kioo. Njooni wanne wanne, mpitishe ukucha kwenye maungio, msome stika kwa sauti, mniambie ipi mngeichaji na ipi mngeiacha. Wazee tuanze na ninyi.